Mwanga wa Miche: Tujiulize Kabla ya Kununua Taa

Maelezo haya yalitolewa na mhudumu wetu wa kilimo mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia za Njombe na Makambako. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala ya kwenda nayo vikundini.



Nimeombwa niseme juu ya taa za kukuzia miche ndani ya nyumba. Sababu inajulikana. Vikundi kadhaa vinataka kuotesha nyanya, hoho na kabichi ndani wakati wa baridi, ili miche iwe tayari kupandikizwa vinyunguni mapema na mazao yafike sokoni kabla ya ya wengine. Ni wazo zuri. Lakini karibu kila ombi linaanza na taa, na baadhi ya taa zinazoombwa ni za bei kubwa. Sikuja kuwakataza taa. Nimekuja kueleza namna ya kuchagua, na itanibidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Kosa langu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafuatilia kikundi cha akina mama katika parokia moja ya milimani. Walikuwa na chumba kimoja cha stoo chenye dirisha dogo. Walipanga kusia nyanya mwanzoni mwa Juni na kupandikiza mwishoni mwa Julai au Agosti. Mimi ndiye niliyewashauri tuombe taa za rangi ya zambarau, zile ambazo huuzwa kwa jina la taa za mimea. Nilikuwa nimeziona kwenye picha nikazipenda.

Fedha ilipatikana, taa mbili zikanunuliwa. Darini kulikuwa na ndoano mbili za zamani, basi tukazitundika hapo hapo, karibu mita 2 juu ya trei. Chumba kizima kikawa zambarau. Tulipiga picha, nikaandika taarifa kwamba taa zimefungwa na mradi unaendelea vizuri, ikaenda kwa wafadhili.

Wiki ya tatu miche ilikuwa mirefu na myembamba kama nyuzi, majani madogo, imelala upande mmoja kuelekea dirishani. Kisha ugonjwa wa kinyausi ukaingia, shina likawa linaoza pale chini kwenye udongo. Katika trei 4 zenye nafasi 128 kila moja hatukupata hata miche 60 ya kupeleka shambani. Mbegu zile zilikuwa chotara, na kila mama alikuwa ametoa mchango wake kuzinunua. Mmoja wao aliniuliza kwa upole tu: "Mwalimu, hizi taa ni za miche au ni za picha?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninayoyasema leo ndiyo jibu nililolitafuta baadaye.

Mche unahitaji mwanga kiasi gani?

Jicho la mtu ni shahidi mbaya wa mwanga. Ukiingia ndani kutoka juani, baada ya dakika chache jicho limezoea na unaona chumba kina mwanga wa kutosha. Mche hauna uwezo huo. Wenyewe hutengeneza chakula chake kwa mwanga, na mwanga ukipungua chakula kinapungua.

Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Nje, jua la mchana likiwa wazi, hufika luksi 100,000 hivi. Siku ya mawingu, bado nje huweza kuwa na luksi 10,000 au zaidi. Ndani ya chumba, karibu na dirisha, hushuka hadi 1,000 au 2,000. Usiku chini ya taa ya kawaida ya sebuleni ni luksi 100 hadi 300 tu, ingawa unaweza kusoma gazeti bila shida. Miche ya mboga hukua ikiwa imara inapopata luksi 8,000 hadi 15,000 kwa muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Kwa hiyo chumba ambacho kwetu ni chenye mwanga, kwa mche ni giza.

Mche ukikosa mwanga hurefuka haraka ukiutafuta. Wengi huona urefu huo wakafurahi kwamba miche inakua. Ndugu zangu, mche mrefu mwembamba haukui, unahangaika. Mche mzuri ni mfupi, shina nene, majani ya kijani kilichokolea.

Tuanze na jua

Njombe iko kwenye nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, na tofauti ya Juni na Desemba ni kama saa moja tu. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini wakati wa baridi wana saa 7 au 8 za mchana, tena wa jua hafifu. Taa za miche zilienea kwao kwa sababu hiyo. Sisi jua tunalo. Tunachofanya ni kulizuia kwa ukuta na bati. Juni na Julai ndiyo kwanza anga letu huwa wazi kuliko wakati wa masika na ukungu wake.

Basi swali la kwanza si taa gani. Swali la kwanza ni: je, tunaweza kuruhusu jua liingie? Badilisheni bati moja au mawili ya paa kwa bati linalopitisha mwanga. Pakeni kuta za ndani chokaa nyeupe, kwa sababu ukuta mweupe huurudisha mwanga kwenye miche na ukuta wa udongo huumeza. Au jengeni kibanda kidogo cha fito na nailoni ya kitalu upande wa nyumba unaopata jua. Kwa vikundi vingi vya hapa hayo yanatosha, wala hayadai luku.

Mfano tunao kwenye viazi. Mkulima wa viazi mviringo akiweka mbegu gizani, machipukizi hutoka marefu, meupe, na hukatika wakati wa kupanda. Akiziweka kwenye vichanja ndani ya banda lenye mwanga hafifu na hewa, bila kupigwa na jua moja kwa moja, machipukizi hutoka mafupi, ya kijani na yenye nguvu. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru, kimekuwa kikieneza mabanda ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Mwanga wa bure, ukielekezwa vizuri, umefanya kazi ambayo mtu angedhani inahitaji mashine. Angalizo moja tu: viazi vya mbegu vilivyogeuka kijani si vya kula, vina sumu.

Wakati taa zinapohitajika

Zipo hali ambapo taa ni za lazima. Maabara zinazozalisha miche ya viazi ndani ya chupa haziwezi kuiweka juani. Huiweka kwenye rafu chini ya taa, kwa kawaida saa 16 kwa siku. Vijana wa Makambako mjini waliopanga chumba kimoja nyuma ya duka hawawezi kutoboa paa la mwenye nyumba. Na kikundi kinachotaka kupanga miche kwenye rafu tatu, moja juu ya nyingine, rafu ya chini haitaliona jua kamwe. Hapo tuzungumze taa.

Balbu za zamani za waya ndani, tuziache. Sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, na ukiisogeza karibu na mche huuunguza.

Taa ndefu za tyubu za zamani, za futi 4, zilikuza miche kwa miaka mingi na bado zinaweza. Kama parokia inazo tayari, zitumieni. Ila hula umeme zaidi, zina zebaki ndani zikivunjika, na mwanga wake hupungua kadiri zinavyozeeka.

Taa za LED nyeupe za umbo hilo hilo la futi 4 ndizo ninazowashauri wengi. Tyubu moja ya wati 18 hutoa mwanga mwingi, haichomi, na hupatikana madukani hapa hapa Makambako na Njombe. Ikiungua, haisubiri mtu aende Dar es Salaam.

Na zile za zambarau? Mimea hutumia sana mwanga mwekundu na wa buluu, ndiyo maana watengenezaji waliunganisha rangi hizo mbili. Si uongo. Lakini mwanga mweupe una rangi zote hizo ndani yake. Taa nyeupe ya LED yenyewe huanza na mwanga wa buluu, kisha unga maalumu huubadili sehemu yake kuwa njano na nyekundu. Mafanikio ya kutengeneza LED ya buluu ndiyo yaliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo mche haupungukiwi kitu chini ya taa nyeupe nzuri. Tena chini ya zambarau huwezi kuona jani lililoanza kuwa njano wala doa la ugonjwa. Mkulima asiyeona jani lake amefungwa macho.

Jambo kubwa kuliko rangi ni umbali. Mwanga wa taa ndogo, umbali ukiongezeka mara mbili, hubaki robo tu. Taa iliyo sentimita 30 juu ya mche ukiipandisha hadi mita 2, kinachoufikia mche ni kama sehemu moja ya 40. Taa zetu za zambarau hazikuwa mbovu. Sisi ndio tuliozitundika juu mno, kwa sababu ndoano ilikuwapo pale. Fungeni taa kwa mnyororo au kamba inayoweza kupandishwa, iwe sentimita 15 hadi 30 juu ya majani, na ipandishwe kadiri miche inavyokua.

Kipimo rahisi ni hiki. Weka karatasi nyeupe pale trei inapokaa, kisha weka kiganja chako juu yake, urefu wa rula moja. Kivuli kikiwa na kingo zinazoonekana wazi, mwanga unatosha kuanzia. Kikiwa ni ukungu tu, hautoshi. Chini ya tyubu nyingi kivuli hupoteza kingo kidogo, hivyo hapo angalieni zaidi mche wenyewe. Ukirefuka, shusheni taa.

Hesabu ya umeme

Tuchukue rafu moja ya sentimita 120 kwa 60. Inabeba trei 4 za nafasi 128, yaani miche 512. Juu yake funga tyubu 4 za wati 18. Jumla ni wati 72. Zikiwaka saa 16 kwa siku ni uniti 1.15 hivi, na kwa wiki 5 za kitalu ni uniti 40. Tuseme uniti moja ni shilingi 350; gharama ni shilingi 14,000 na kidogo. Gawa kwa miche 500, unapata kama shilingi 28 kwa mche. Kila kikundi kifanye hesabu hiyo kwa bei kinayolipa chenyewe, na kuiweka kwenye ombi.

Wanaouliza juu ya sola, hesabu hiyo hiyo itawajibu. Paneli ya wati 100, siku nzuri, huleta labda wati-saa 400. Rafu yetu inataka 1,150. Mngehitaji paneli tatu au zaidi, pamoja na betri kubwa, kuchukua jua la nje, kuligeuza umeme, kisha kuligeuza tena mwanga ndani. Kwa fedha hiyo toboeni paa.

Umeme wa gridi kwetu umeimarika. Njia kubwa ya Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na vituo vya kupozea umeme vikajengwa Madaba na Songea. Hata hivyo umeme hukatika, na mwaka 2023 nchi nzima ilipata mgao. Mche hauwezi kufa kwa kukosa taa siku moja. Ukikosa siku nne mfululizo katika chumba cha giza, utaanza kurefuka. Kwa hiyo hata chumba chenye taa kiwe na dirisha.

Kwa wale wanaotumia umeme wa mitambo midogo ya maji, kama ule wa Mawengi wilayani Ludewa, kuna jambo la ujirani mwema. Mtambo mdogo huelemewa jioni, nyumba zote zinapowasha. Mche haujali saa ya ukutani. Washeni taa saa 4 usiku hadi saa 8 mchana, na giza la mche liwe alasiri na jioni, kwa kufunga pazia zito dirishani. Ni saa 16 zile zile, na jirani anapata umeme wa kupikia uji wa mtoto. Msiwashe saa 24. Nyanya ikinyimwa giza kabisa majani yake hugeuka njano.

Mwisho, maji na umeme havipatani. Nyaya zifungwe na fundi anayejua kazi, soketi ziwe juu ya trei na si chini yake, na zimeni taa wakati wa kumwagilia.

Taa haiondoi baridi

Hili ndilo lililotuangusha zaidi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Makambako chini kidogo. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Nyanya huota vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 28. Ikipata baridi ile hukaa tu kwenye udongo, na udongo baridi uliolowa ndio kinyausi hupenda. Taa za LED hutoa joto dogo sana.

Kwa hiyo: inueni trei kutoka sakafuni, wekeni pumba au mabua makavu chini yake, funikeni kwa nailoni usiku na kufunua asubuhi, mwagilieni asubuhi na si jioni, tena kidogo. Kama taa zipo, ziwake usiku wa manane, ili joto lake dogo liangukie saa za baridi kali. Kabichi na chainizi huvumilia zaidi. Kikundi kinachoanza kianze na hizo.

Na kabla ya kupandikiza, izoezeni miche nje kwa siku 7 hadi 10, kidogo kidogo. Mche uliolelewa chini ya taa ukitolewa ghafla kwenye jua la Njombe huungua majani.

Maswali manne kwa kila ombi

Kuanzia sasa naomba kila ombi la taa lijibu haya:

1. Chumba kinakosa mwanga, joto, au vyote viwili? Mmejuaje?
2. Kwa nini jua haliwezi kuingizwa?
3. Taa ngapi, wati ngapi, umbali gani juu ya miche, na uniti ngapi hadi kupandikiza? Nani atalipa luku mfadhili akiondoka?
4. Miche mingapi mnatarajia ifike shambani?

Swali la nne lina uzito wa pekee, na hapa nawageukia pia wafadhili wetu. Taarifa yangu ile ilisema taa zimefungwa. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa habari ya mradi. Habari ya mradi ilikuwa miche 60 kati ya 512, na akina mama waliopoteza mbegu zao. Sikuiandika, kwa sababu niliogopa. Nilijiambia nitaandika msimu ukiwa mzuri. Mfadhili alitoa sadaka yake akiamini imefika. Mama alitoa mchango wake akiamini ninajua ninachosema. Wote wawili walistahili hesabu.

Mwaka uliofuata niliwaomba wafadhili radhi kwa barua na kueleza yote. Walijibu kwa ukarimu, lakini hawakutuma taa nyingine, na walifanya vema. Akina mama walibadilisha mabati mawili, wakapaka chokaa, wakatengeneza vifuniko vya nailoni. Tyubu 4 nyeupe zilinunuliwa kwa fedha ya kikundi kwa ajili ya rafu ya chini. Zile za zambarau nazo hazikutupwa. Zimeshushwa sentimita 30 juu ya trei moja na zinafanya kazi. Katika nafasi 512 walipeleka vinyunguni miche zaidi ya 400.

Yule mama aliyeniuliza swali ndiye mtunza daftari la kitalu sasa. Kila Jumatatu anahesabu miche iliyo hai na kuandika. Tunapopiga picha, tarakimu zake zinaandikwa chini ya picha. Nawaomba kila kamati ipate mtu wa namna hiyo kabla haijapata taa.